Lalamiko la mkimbizi lifike kwa fundi, lisiishie kwenye jedwali

Kuna siku ya mgawo hapa Oicha ambayo sijaisahau. Mama mmoja mkimbizi wa ndani, mwenye watoto watano, alisimama kwenye mstari tangu asubuhi na mapema. Zamu yake ilipofika, kijana wa shirika aliangalia simu ya kuandikisha akamwambia: “Mama, wewe ulishapokea.” Mama hakuwa amepokea hata kikombe cha unga. Aliyepokea alikuwa mama mwingine mwenye majina kama yake, wa upande wa pili wa kambi. Alirudi kibandani mikono mitupu, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba alitaka kula mara mbili.

Kijana yule hakuwa mwizi, wala mama hakuwa mwongo. Kosa lilikuwa ndani ya programu. Wanande humpa mtoto jina kufuatana na mpangilio wa kuzaliwa. Ndiyo maana wasichana wetu ni kina Masika, Kahindo na Kavira, na wavulana ni kina Kambale, Kasereka na Kakule, karibu katika kila nyumba. Kinachotutofautisha ni jina la pili na jina la ubatizo. Programu ile ilikuwa na nafasi za majina mawili tu. Basi kina Kahindo wawili wenye jina moja la ubatizo wakageuzwa mtu mmoja, na mmoja wao akakosa chakula.

Mama hakukaa kimya. Mtoto wake mkubwa aliandika barua, wakaitia kwenye sanduku la maoni. Aliazima simu ya jirani akapiga namba ya bure. Akaenda kwa kamati ya wakimbizi. Kila mahali aliambiwa: tumepokea, tutafuatilia. Mgawo wa mwezi wa pili ukaja, jibu likawa lile lile. Wa tatu pia.

Nilipofuatilia habari hiyo, nilikuta jambo lililonishangaza kuliko kosa lenyewe. Barua ilikuwa imesomwa. Simu ilikuwa imeandikwa kwenye jedwali la kompyuta, tarehe na saa, vizuri kabisa. Lakini fundi anayetengeneza programu, ambaye anakaa mbali na hapa, hakuwa amesikia neno lolote. Alipoelezwa, kuongeza nafasi ya jina la tatu kulimchukua siku mbili. Miezi mitatu ya njaa, kwa kazi ya siku mbili.

Maoni yangu ni haya: shirika lolote linaloandikisha watu kwa simu liunganishe mahali panapoingia malalamiko na mahali mafundi wanapofanyia kazi, na jibu limrudie aliyelalamika. Siku hizi kazi hiyo haihitaji pesa nyingi wala injinia wa kutoka Ulaya.

Nieleze jinsi inavyokwenda. Mafundi huandika msimbo, yaani maagizo yanayoiambia programu ifanye nini, na kuuhifadhi katika ghala la pamoja kwenye intaneti. Linalojulikana zaidi ni GitHub, lililoanza 2008 na kununuliwa na Microsoft 2018. Ndani ya ghala, kila kasoro hufunguliwa faili lenye namba. Faili linaonyesha nani amelifungua, nani amepewa kazi, na kama bado liko wazi au limefungwa. Kwa fundi, kasoro isiyo na faili ni kama haipo.

Malalamiko yetu hukaa kwenye chombo kingine: KoboToolbox, ambayo mashirika mengi ya kiutu hutumia kwa fomu zao, au jedwali la Excel, au daftari. Ni kama nyumba mbili zilizopakana bila mlango.

Mlango huo sasa unaweza kutobolewa bila kuandika msimbo mwingi. Kuna programu kama Zapier, na n8n iliyoanzia Berlin mwaka 2019, ambamo mtu huchora njia kwa visanduku na mishale. Kisanduku cha kwanza: lalamiko jipya limeingia, maana Kobo inaweza kutuma kila fomu iliyojazwa kwenye anwani nyingine papo hapo. Cha pili: je, ni kasoro ya programu au ni jambo lingine? Cha tatu: fungua faili GitHub. Cha nne, ambacho naona ndicho cha maana kuliko vyote: faili likifungwa, mtumie aliyelalamika SMS kwa Kiswahili, kwenye simu yake ya vitufe. Asiye na simu, jibu libandikwe kwenye ubao wa kambi na lisomwe redioni, bila jina lake. Kijana aliyesomea kompyuta hapa hapa, Butembo au Beni, anaweza kujifunza kazi hiyo.

Kutuma habari kutoka kambini hadi kwenye kompyuta si jambo geni kwetu. Ushahidi, programu yenye jina la Kiswahili, ilizaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008 ili raia watume taarifa za fujo za baada ya uchaguzi. Kabla mwaka huo haujaisha, ilitumiwa pia kufuatilia vita vya hapa Kivu. Kinachokosekana ni njia ya kurudi.

Lakini mlango usiachwe wazi kwa kila kitu. Maghala mengi ya msimbo husomwa na dunia nzima. Jina la mama, namba yake ya simu, na kibanda anacholala visifike huko kamwe. Hapa kwetu, orodha ya majina ikianguka mikononi mwa wabaya, watu hufa. Fundi anahitaji kujua kwamba nafasi za majina hazitoshi. Hahitaji kujua Kahindo ni nani.

Na binti anayesema kwamba alidaiwa mwili wake ili apewe jetoni, habari yake isipite kwenye njia hiyo hata kidogo. Iende kwa siri kwa mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Tena kwenye kisanduku cha pili, kile cha kuchambua, akae mtu. Mashine inayotafuta neno “fomu” haitamwelewa mzee anayesema kwa Kiswahili chetu, “jina yangu imepotea.”

Wapo watakaosema: shida yetu ni amani na chakula, siyo kompyuta. Ni kweli. Hakuna mshale kwenye kioo utakaomrudisha mtu shambani kwake Mbau au Eringeti. Lakini hicho chakula kidogo kilichopo kinagawiwa kwa programu hizi, na asiyeandikwa vizuri halili. Kanuni kuu za kazi za kiutu, zilizotolewa 2014 na kurekebishwa 2024, zinataka malalamiko yapokelewe na yashughulikiwe. Kupokea tumeona. Kushughulikia ndiko tunakodai.

Ndugu wasikilizaji wa vilabu vya redio, na nyinyi mlio kambini au katika familia zilizowapokea: siku kijana atakapokuja na simu kuandika jina lako, muulize maswali matatu kabla hajaondoka. Nikilalamika, nitapewa namba gani ya kufuatilia? Anayetengeneza programu ataliona lalamiko langu, au litaishia kwa karani? Jibu litanirudia kwa njia gani, na lini? Akishindwa kujibu, mwombe kwa heshima akaulize mkubwa wake. Si matusi, ni haki yako.

Yule mama sasa anapokea. Majina yake yote matatu yameandikwa. Lakini hakuna mtu wa shirika aliyemrudia kumwambia kwamba tangu siku ya kwanza yeye ndiye aliyesema kweli. Nilimwambia mimi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba niende naye nikawaambie majirani.