Mwacha Asili: Horace na Deni la Catullus

Wapo wahakiki ambao hadi leo humhesabu Horace kuwa mwanzilishi wa ushairi wa kinubi katika Kilatini. Cheo hicho alijitwalia mwenyewe. Alipotoa vitabu vitatu vya Nyimbo zake mwaka 23 K.K., alikifunga cha tatu kwa kujitangaza kuwa ndiye aliyetangulia kuutia wimbo wa Waeoli, yaani wa Sappho na Alcaeus wa kisiwa cha Lesbos, katika mizani za Italia. Karne zimepita, na majigambo ya mtunzi yamegeuzwa historia.

Ukweli ni mwingine. Catullus, aliyefariki mnamo 54 K.K. wakati Horace angali mtoto, alikwisha kuutunga ubeti wa Sappho kwa Kilatini: mishororo mitatu ya mizani 11, na wa nne mfupi wa mizani 5. Mashairi yake mawili ya bahari hiyo, la 11 na la 51, yapo. Na hilo la 51 ni tafsiri ya shairi la Sappho mwenyewe. Aliyekuja baada ya hapo ametangulia wapi?

Wala deni si la bahari peke yake. Sappho alisifu sauti tamu na kicheko kitamu cha mpenzi. Catullus akaiacha sauti, akabakiza kicheko. Horace, katika wimbo wa 22 wa kitabu cha kwanza, anakisifu kicheko cha Lalage kwa maneno yale yale mawili ya Catullus, kisha anairudisha sauti iliyoachwa. Hapa hapana sadfa: hawezi mtu kuziba pengo la shairi asilolijua. Wimbo wa 6 wa kitabu cha pili nao unaanza kwa rafiki aliye tayari kuandamana na mshairi hadi ncha za dunia, kama linavyoanza shairi la 11 la Catullus. Tofauti ni kwamba Catullus anawatuma rafiki zake wampelekee mwanamke maneno machungu ya kuachana, na Horace anatafuta pa kupumzikia uzeeni.

Watetezi wake husema mashairi mawili ni haba, na kwamba Horace ndiye aliyeinyoosha bahari hiyo. Ni kweli aliinyoosha: silabi ya nne, ambayo Catullus aliiacha mara nyingine iwe fupi, yeye aliifanya ndefu daima. Huo ni ufundi. Lakini anayelipaka jahazi sifa siye aliyeliunda, na mfungua njia hapimwi kwa mara alizoipita. Kwa bahari ya Alcaeus dai la Horace lina haki, maana Catullus hakuacha shairi la bahari hiyo. Kwa Sappho, halina.

Linaloudhi zaidi ni ukimya. Katika kazi zake zote Horace anamtaja Catullus mara moja tu, tena kwa kejeli: katika tashtiti ya mwisho ya kitabu cha kwanza anamdhihaki mtu fulani kuwa nyani asiyejua ila kuimba Calvus na Catullus. Na ukimya huo nusura ufaulu. Karibu mashairi yote ya Catullus yamesalimika kwa nakala moja iliyojitokeza Verona mnamo 1300. Lau ingeoza, dai lisingekuwa na shahidi wa kulipinga.

Mwacha asili ni mtumwa, wasema wahenga. Horace hakumwonea haya baba yake mzazi, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Alimtaja kwa fahari mbele ya wakubwa wa Roma. Aliyemkana ni baba wa kalamu. Nyimbo zake hazipungui utamu kwa kutajwa mwalimu wake. Kinachopungua ni neno moja tu, "wa kwanza", nalo lina mwenyewe.