Jiko Jipya Lipimwe Moshi Kabla ya Kuuzwa



Kila masika wodi ya watoto hujaa. Mama huingia na mtoto anayehema haraka, mbavu zinabonyea, na khanga ya mama inanuka moshi. Tukimwuliza anapikia wapi, hujibu: "Ndani, sista. Mvua hizi nitapikia wapi?" Hapo huwa hatuna la kusema. Si kila nimonia huletwa na moshi, ila moshi huongeza hatari yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5.

Serikali haikulala. Mwaka 2023 iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Mei 2024 ikazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ili asilimia 80 ya Watanzania waifikie kufikia 2034. Tunaunga mkono. Lakini hapa Kerege gesi ikiisha katikati ya mwezi mama hurudia matawi ya mkorosho na vifuu vya nazi. Kuni bado tutakuwa nazo, na mama akinunua jiko huuliza bei na kama linabana kuni. Moshi haulizi.

Nasi wauguzi tumekosea, maana tumesifu "jiko banifu" kana kwamba kubana kuni ni kupunguza moshi. Huko Malawi familia ziligawiwa majiko bora yenye feni, na watoto zaidi ya 10,000 wakafuatiliwa. Matokeo yalitoka 2016: nimonia haikupungua. Majiko mengine yaliharibika, na moshi wa takataka zilizochomwa uliendelea. Jicho nalo si kipimo. Mkaa uliowaka vizuri hauonyeshi moshi, lakini hewa yake ya sumu huua waliolala chumba kilichofungwa.

Marekani ilianza mwaka 1988 kudai jiko jipya la kuni la kupasha nyumba joto lipimwe moshi kabla ya kuuzwa, na mwaka 2020 kiwango kikashushwa hadi gramu 2 hivi kwa saa. Na majiko hayo yana bomba la kutolea moshi nje! Letu humpulizia mama usoni.

Tunaomba basi alama ya TBS tunayoitafuta kwenye saruji iwe pia kwenye jiko, nayo ihesabu moshi. Lipimwe kwa kuni mbichi za masika, si kavu za maabara tu, na lipimwe tena baada ya mwaka wa kupikiwa. Fundi anayekunja bati kando ya barabara asitozwe gharama hiyo. Serikali ipime mfano mmoja mzuri, kisha impe fundi vipimo vyake bure autengeneze.