Mtoto Asagaye Meno Usiku

Mama mmoja wa Cimpunda alitujia na wasiwasi mkubwa. Nyumba za kilima chetu zimebanana, na watoto hulala watatu au wanne kitanda kimoja. Mmoja akisaga meno usiku, nyumba nzima huamka. Mama huyu alikuwa amekwisha kumpa mwanawe dawa ya minyoo mara tatu katika miezi miwili, na meno yakazidi kulia. Baba naye, kwa kuchoka, akaanza kumwamsha mtoto kwa kofi.

Twapenda kusema wazi: kusaga meno peke yake si dalili ya minyoo. Minyoo ipo, nayo yafaa kutibiwa. Lakini hukaa tumboni, wala haiendeshi taya. Watoto wengi husaga meno, hasa panapo miaka 6 hivi, meno ya utoto, ambayo jumla yake ni 20, yanapoanza kuyapisha meno ya ukubwani. Wengi wao huacha wenyewe. Mtoto aliyelala hajui afanyalo. Kumpiga ni kumwadhibu bila kosa. Tena hofu yaweza kuzidisha kusaga. Watoto waliosikia milio ya risasi vita vilipofika Bukavu, Februari 2025, wanahitaji kulazwa kwa amani: sala fupi, hadithi ya bibi, sauti ya upole.

Lakini meno yakivunjika, au taya na kichwa vikimwuma asubuhi, au akikoroma kinywa wazi kila usiku, apelekwe kwa daktari.

Na kidole je? Mtoto mdogo kunyonya kidole gumba si ubaya. Wengi huacha kati ya miaka 2 na 4. Akiendelea mpaka meno ya mbele ya ukubwani yatokee, kidole huyasukuma nje, hata midomo isifungike vema. Wako wanaopaka pilipili kidoleni. Mtoto hujifikicha macho kwa kidole hicho hicho, na kilio chake husikika mpaka bondeni! Afadhali kuipa mikono yake kazi: mpira wa majani ya mgomba, au maharagwe ya kuchambua pamoja na mama. Siku asiponyonya, asifiwe mbele ya ndugu zake.

Mama yule ameturudia juzi. Mwanawe angali akisaga meno mara mojamoja. Sasa baba humgeuza ubavu tu, kisha wote hulala.