HESHIMA YA KAZI HAIKAI KITINI

Yuko kijana mmoja katika mkoa wetu wa Tanga ambaye kwa muda wa miaka tisa alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya umma. Alivaa shati jeupe, alichomeka kalamu mbili mfukoni, na kila mwisho wa mwezi mshahara wake ulimfikia, mdogo lakini wa uhakika. Mwaka juzi aliandika barua ya kuacha kazi, akakabidhi majalada na funguo, akaenda kujifunza kwa mabwana mifugo namna ya kumshika mbwa, kumfunga, kumfundisha na kumchanja. Leo hii kazi yake ni kuzunguka vijijini akiwasaidia wataalamu katika chanjo ya kichaa cha mbwa. Na siku zinazobaki huwafundisha wenye mashamba na maghala jinsi ya kuwalea mbwa wa ulinzi.

Mjini habari hiyo ilipokewa kwa kicheko. Wako waliosema amerogwa, na wako waliosema amefukuzwa kazi ila anaona haya kukiri. Wazee wa mchumba wake waliomba muda wa kufikiri, na mpaka leo wangali wanafikiri. Jioni moja alikuja barazani tunapokunywa kahawa. Muuza kahawa alimmiminia kama anavyowamiminia wengine, lakini alipomaliza kunywa, kikombe chake kilitengwa kando, mbali na vikombe vingine. Kijana alikiona kikombe kile. Alilipa, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Nasi tulikuwapo. Hatukucheka, lakini pia hatukusema neno, na katika mambo ya namna hii kunyamaza ni kuunga mkono. Kwa hiyo leo tunasema yale tuliyopaswa kuyasema jioni ile.

Kwanza, tuitazame kasumba yenyewe. Mkoloni alipotutawala alihitaji makarani wachache wa kumwandikia na kumhesabia, na watu hao aliwapa viatu, kiti na kivuli, huku wenzao wakichomwa na jua mashambani. Tangu hapo tukaingiwa na fikra kwamba mtu aliyesoma ni mtu anayekaa. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema, na katika maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alionya juu ya shule zinazomfanya mtoto aidharau kazi ya mikono ya wazazi wake. Miaka mingi imepita tangu onyo hilo litolewe. Hata hivyo, mzazi wa leo akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, bado hujibu kwa fahari, "Yuko ofisini," wala haoni haja ya kueleza huko ofisini anafanya nini.

Pili, iko dharau ya mbwa mwenyewe. Sisi watu wa pwani tukitaka kumtukana mtu tukamaliza, humwita mbwa. Wengi wetu tulisoma chuoni kabla ya kusoma shuleni, na huko tulifundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mafundisho hayo tunayaheshimu, wala hatuandiki ili kuyapunguza. Lakini tusichukue nusu ya somo tukaiacha nusu nyingine. Maalimu wale wale walitufundisha kwamba katika Sura ya Al-Kahf mbwa ametajwa pamoja na vijana wema wa pangoni, akiwa amenyoosha miguu yake mlangoni. Kwamba Sura ya Al-Maida imeruhusu mawindo yaliyokamatwa na mnyama aliyefundishwa. Na kwamba ufugaji wa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba umeruhusiwa katika Hadithi. Walitusimulia pia habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake.

Fiqhi, basi, imetufundisha jinsi ya kujitoharisha. Haikutufundisha kumtenga Mwislamu mwenzetu wala kumnyima salamu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi; na katika madhehebu ya Maliki mbwa aliye hai huhesabiwa kuwa tohara. Kijana yule huoga, hubadili nguo na hujitoharisha kabla ya kuja barazani. Kikombe chake kilitengwa kwa sababu ya dharau tu, na dharau hiyo tumeivika kanzu ili ionekane kuwa ni uchaji.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, tujiulize kazi anayoifanya inamsaidia nani. Kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa katika Afrika na Asia. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Virusi vyake huingia kwa jeraha, hupita katika mishipa ya fahamu na kupanda polepole hadi kwenye ubongo, safari inayoweza kuchukua wiki au miezi. Katika muda huo mtu huokolewa kwa kuoshwa jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na kwa kufikishwa hospitali akapate chanjo. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa, na hufa kifo kibaya, akiwa na kiu lakini akiyaogopa maji.

Lakini kinga iliyo bora ni kumchanja mbwa kabla hajamuuma mtu. Wataalamu wanatueleza kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Hapana budi kazi hiyo irudiwe, kwa maana kila mwaka huzaliwa watoto wa mbwa ambao hawajachanjwa. Sindano ya mbwa ni ya bei ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kumtibu mtu aliyeumwa. Basi kinachokosekana mara nyingi ni mikono. Anatakiwa mtu asiyemwogopa mbwa wala kumwonea, anayejua kumkaribia kwa ubavu bila kumkazia macho, anayeweza kumfunga mdomo bila kumkaba, na ambaye mwenye mbwa atamwamini. Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa mhuri wa ofisi. Hupatikana kwa mafunzo na kwa mapenzi ya kazi.

Kama yuko anayedhani kwamba kazi hii haiwezekani katika jamii ya Kiislamu, na atazame ng'ambo ya mkondo wetu, katika kisiwa cha Pemba. Wapemba karibu wote ni Waislamu, na mbwa kwao ni mnyama wa shambani na wa msituni, si wa sebuleni. Hata hivyo, kampeni za kuchanja mbwa zilifanyika kisiwani humo, na kufikia mwaka 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Mwaka 2016 kiliingia tena kutoka nje ya kisiwa, kazi ikarudiwa, na mwaka 2018 kikatoweka mara ya pili. Jambo hilo lilitimizwa na watu waliokubali kutembea shamba kwa shamba, kuulizia mbwa walipo na kuwashika mmoja mmoja. Tunadhani hakuna mzazi wa Pemba ambaye mtoto wake yu salama kwa ajili ya watu hao, na ambaye angethubutu kuwatengea vikombe.

Wala si chanjo peke yake. Jeshi letu la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi. Huko Usa River, mkoani Arusha, shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mwaka 2014 mpango wa kuwafundisha mbwa pamoja na askari wao kunusa pembe za ndovu na za faru zinazofichwa katika mizigo. Katika kazi hizo zote mbwa ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni binadamu anayeamka alfajiri kusafisha banda, anayepima chakula, anayejua kwamba leo mnyama wake amechoka, na anayeandika kila kitu katika daftari. Karani mzuri, asiyepoteza karatasi, ana mengi ya kuchangia huko. Kijana wetu ameturidhisha katika hilo: daftari lake la chanjo, kijiji kwa kijiji, ni safi kuliko majalada mengi tuliyoyaona maofisini.

Hatupendi, hata hivyo, kueleweka vibaya. Hatuwaambii vijana waache kazi zao kesho asubuhi kwa sababu wamechoka na viti. Kuacha mshahara ni kuacha pia akiba ya uzeeni, na mwenye watoto hana haki ya kuwalaza njaa kwa kufuata moyo wake. Anayetaka njia hii na ajifunze kwanza kwa wataalamu siku za mapumziko, aweke akiba, na yeye mwenyewe apate chanjo ya kinga kabla ya kuanza kushika mbwa asiowajua. Na ajue kwamba kumpiga mbwa siyo kumfundisha. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na mbwa aliyelelewa kwa fimbo humuuma hata mwenyewe.

Kwa upande mwingine, yako mambo ambayo kijana huyu na wenzake hawawezi kuyafanya peke yao. Tunaziomba halmashauri zetu zisiwachukue watu hawa kwa siku tatu za kampeni na kuwasahau mwaka mzima, bali ziwape mikataba, buti, glavu na usafiri, na zihakikishe kwamba chanjo inawafikia ikiwa bado na ubaridi wake. Tunawaomba masheikh na maimamu watangaze siku ya chanjo misikitini, na wawaeleze waumini hukumu ya tohara kwa ukamilifu wake, ili ujinga usijifiche nyuma ya dini. Tunawaomba walimu wamkaribishe mtu kama huyu darasani, awafundishe watoto namna ya kusimama mbele ya mbwa wasiyemjua, na jambo la kwanza la kufanya wakiumwa.

Wazee wa mchumba nao tunawaomba wamalize kufikiri. Kijana anayeamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya mnyama asiyeweza hata kusema ahsante, hatashindwa kuamka kwa ajili ya mke na watoto.

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Jembe la kijana huyu ni kamba, sindano na subira, na shamba lake ni usalama wa watoto wetu. Sisi tuliokuwapo jioni ile tumekwisha kuamua. Atakaporudi barazani tutamsogezea nafasi ya kukaa, na kikombe atakachonywea yeye, nasi tutakinywea.