Nani Atashinda? Utabiri wa Tuzo za Runinga na Lafudhi Yetu ya Magharibi

Kila msimu wa tuzo za Kalasha unapokaribia, mjadala mmoja huzuka katika mabweni ya vyuo vyetu hapa Bungoma, na haukosi kusikika pia katika mikahawa ya Kitale: nani atashinda? Orodha ya walioteuliwa ikishatangazwa, kila mmoja hujitwika ujaji. Huyu humtaja mwigizaji wake wa kike, yule huapa kwamba hakuna kipindi cha kuchekesha kitakachoshinda alichokichagua yeye, na wengine hata huwekeana dau la chakula cha mchana. Makala haya hayakusudii kuikejeli shughuli hiyo. Yanadhamiria kuonyesha kwamba utabiri wa washindi ni aina ya uhakiki, kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaufanya vibaya, na kwamba ubaya huo unatugharimu sisi wa magharibi ya Kenya kuliko tunavyodhani.

Tuanze na tuzo zenyewe. Kalasha huandaliwa na Tume ya Filamu ya Kenya, shirika la serikali lililoundwa mwaka 2005, na hafla ya kwanza ilifanyika mwaka 2009. Katika tuzo za aina hii mna sauti mbili zinazokutana: sauti ya majaji na sauti ya umma unaopiga kura. Sauti hizi haziulizi swali moja. Jaji anatarajiwa kuuliza, "Kazi hii imefanywa vipi?" Mpiga kura aghalabu huuliza, "Nani nampenda?" Maswali yote mawili ni halali. Kosa ni kulijibu la pili huku tukijidai tunajibu la kwanza. Mwanafunzi anayesema kwamba fulani atashinda kwa sababu "anajulikana kila mahali" hajasema lolote kuhusu uigizaji. Amepima ukubwa wa jina tu.

Utabiri una historia yake, na historia hiyo ina mafunzo. Katika miaka ya mwanzo ya tuzo za Oscar huko Marekani, magazeti yalipewa majina ya washindi mapema kwa masharti kwamba yasiyachapishe kabla ya wakati. Mwaka 1940 gazeti la Los Angeles Times likayachapisha kabla ya hafla, na tangu mwaka 1941 majina yakawa yanafungwa ndani ya bahasha. Bahasha hiyo ndiyo iliyoumba utamu wa kutabiri. Hata hivyo, bahasha nayo si Msahafu: mwaka 2017 watangazaji walikabidhiwa isiyo yenyewe, La La Land ikatajwa kuwa filamu bora, na dakika chache baadaye ikabidi tuzo ipewe Moonlight.

Karibu na nyumbani, msomaji anakumbuka jinsi Ngũgĩ wa Thiong'o alivyotabiriwa mwaka baada ya mwaka kuishinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka 2010 kampuni za kamari za Uingereza zilimpa nafasi kubwa mno, lakini tuzo ikamwendea Mario Vargas Llosa wa Peru. Mwaka 2021 ikampata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ambaye watabiri wengi hawakuwa wamemweka midomoni. Ngũgĩ aliaga dunia Mei 2025 bila tuzo hiyo. Je, vitabu vyake vilipungua thamani kila Oktoba jina lake lilipokosa kutajwa? La hasha. Tuzo ni hukumu ya watu wachache kwa siku moja. Kazi ya sanaa huendelea kuhukumiwa kila inaposomwa au kutazamwa upya.

Lafudhi na kicheko

Sasa tuingie katika kiini cha hoja yangu. Nimekuwa nikisikiliza tabiri za wenzangu, na nimetambua mkondo mmoja. Mwigizaji anayezungumza Kiswahili chenye mwangwi wa Kibukusu, Kimaragoli au Kisamia hutabiriwa ushindi katika kitengo cha vichekesho pekee. Hapewi nafasi katika kitengo cha mwigizaji bora wa tamthilia nzito, na hakuna anayeshangaa. Lafudhi ya Pwani imetengewa mapenzi na huzuni. Sultana, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa na Citizen TV mwaka 2022 na ambayo mandhari yake ni ya Pwani, ni mfano ulio karibu. Lafudhi yetu imetengewa mlinzi, mpishi na mjakazi, na kazi yake ni kuchekesha. Mgawanyo huu tumeukubali kana kwamba umeandikwa katika sarufi ya Kiswahili.

Kwa upande wa isimu, hakuna ajabu katika lafudhi hiyo. Katika Lubukusu, vipasuo ghuna havisimami peke yake. Hutokea baada ya nazali, kama katika mb, nd na ng. Herufi b ya Lubukusu yenyewe hutamkwa bila midomo kufungana kabisa. Ndiyo maana mzungumzaji wa Kimilili au Chwele huenda akasema "kari" badala ya gari na "kitapu" badala ya kitabu. Lakini mtazame mzungumzaji huyo huyo anapofika kwenye neno ndugu: atasema "nduku". Ile d iliyotanguliwa na nazali haitikisiki. Ni g peke yake iliyogeuka. Huo ni utaratibu, tena utaratibu wenye kanuni, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fonolojia anaweza kuueleza.

Hapa ndipo mtabiri makini anapopata kipimo. Mwigizaji anayeiga lafudhi yetu kwa kugeuza kila ghuna kuwa si ghuna, akasema hata "ntuku", hajamsikiliza Mbukusu yeyote. Ameokota kikaragosi sokoni akakivaa. Yule anayeipata kanuni, hata kama hawezi kuieleza, amefanya kazi ya msanii. Tofauti hiyo husikika kwa sikio, haihitaji umaarufu wala wingi wa kura, na ndiyo inayopaswa kuingia katika maelezo yetu tunaposema, "Huyu anastahili."

Uigaji wa lafudhi ni ufundi wa zamani katika runinga yetu. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alijulikana na Wakenya kwa jina la Mzee Ojwang' katika Vitimbi, akazungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo ilhali yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Watazamaji wengi walimdhania Mjaluo. Ustadi wa namna hiyo ungestahili kuhukumiwa kwa vigezo vilevile tunavyomhukumia mwigizaji wa tanzia.

Je, Papa Shirandula alichekesha kwa nini?

Huenda msomaji akanijibu kwamba sisi wenyewe ndio tuliocheka zaidi. Papa Shirandula, kipindi kilichoanza mwaka 2007 katika Citizen TV, kilipendwa Bungoma na Kitale labda kuliko kwingineko, na marehemu Charles Bukeko, aliyefariki tarehe 18 Julai 2020, aliliwa na wengi kama ndugu aliyetoka katika boma lao. Nakubali. Sidai kwamba kicheko kilikuwa dhambi. Ninachouliza ni hiki: tulikuwa tunacheka nini?

Kiini cha kipindi kile kilikuwa uongo. Papa alikuwa bawabu, lakini alimficha mkewe Wilbroda ukweli huo, akatoka nyumbani amevaa suti kana kwamba anakwenda afisini, kisha akajivika sare ya ulinzi afikapo kazini. Mtazamaji alijua, mke hakujua. Hicho ndicho kinaya cha kidrama tunachokifundisha kila muhula. Nyuma ya suti ile mlikuwa na jambo zito: mwanamume wa mashambani aliyekuja mjini, ambaye heshima yake nyumbani inategemea kazi asiyokuwa nayo. Ni familia ngapi za Webuye na Kiminini zilizopata kuishi ndani ya uongo kama huo, wakati kijana wao aliyeko Nairobi anapotuma salamu lakini hasemi anafanya kazi gani? Bukeko aliuigiza uzito huo kwa mabega na macho. Lakini waulize watabiri wetu kwa nini alikuwa hodari, nao watakujibu: "Alikuwa na ile lafudhi." Jibu hilo linaitupa kazi nzima ya msanii jaani na kubakiza konsonanti tatu.

Sauti nyingine kutoka nyanda hizi

Iwapo kuna anayeamini kwamba sauti ya magharibi katika runinga haiwezi kubeba ila kicheko, na amkumbuke Ken Walibora. Alikuwa mtoto wa nyanda hizi hizi za Bungoma na Trans Nzoia. Alisoma habari za Kiswahili katika runinga ya taifa zima, na watazamaji wakamsikiliza kwa adabu. Siku Njema, riwaya yake ya mwaka 1996, iliwaingiza wengi wetu katika usomaji, na aliwahi kuinyakua Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, mathalani kwa Ndoto ya Amerika. Alifariki Aprili 2020, miezi mitatu kabla ya Bukeko. Mwaka ule mmoja ulituondolea sauti mbili kubwa za magharibi katika runinga ya Kiswahili: moja iliyotuchekesha na moja iliyotufahamisha.

Simtaji Walibora ili kusema kwamba kila mmoja wetu afute lafudhi yake azungumze kama msomaji wa habari. Hilo lingekuwa kosa la upande wa pili. Usanifu ni suala la sarufi na msamiati. Lafudhi ni alama ya mahali mtu alipolelewa. Mtu anaweza kutamka "kitapu" na bado akawa na ngeli zisizokosea, methali zinazokaa mahali pake na hoja isiyovuja. Kitale, mji ambao Mbukusu, Msabaoti, Mpokoti, Mnandi, Mkikuyu na Mteso hukutana sokoni, haungeweza kuuza hata gunia moja la mahindi kama wakazi wake wangengoja kwanza lafudhi zao zifanane. Kiswahili chao kinafanya kazi ya uzito wote: kinaposa, kinazika, kinapatanisha, kinadai haki. Kwa nini basi kikifika kwenye runinga kifanye kazi moja tu?

Tufanye nini?

Kulalamika bila kupendekeza ni kutwanga maji kinuni. Natoa mapendekezo matatu kwa chama chetu na kwa vyama ndugu.

Kwanza, kabla ya kila msimu wa tuzo, kila mshiriki aandike majina mawili katika kila kitengo: anayedhani atashinda, na anayeamini anastahili kushinda. Majina hayo yakifanana daima, mshiriki ajiulize kama ana maoni yake au anafuata upepo. Yakitofautiana, pengo lililo baina yake ndilo mada ya mjadala, maana hapo ndipo palipo na swali la kwa nini kazi bora na kazi pendwa hazikutani.

Pili, kila jina lifuatwe na onyesho moja mahususi. Asiyeweza kutaja onyesho, aeleze mwigizaji alisema nini, kwa sauti gani, na alinyamaza wapi, asihesabiwe kuwa ametabiri, amepiga ramli. Kanuni hii itatulazimisha kuvitazama vipindi kama tunavyozisoma tamthilia za jukwaani. Runinga ndiyo inayokiingiza Kiswahili katika nyumba nyingi kila jioni, kwa hiyo ni aibu kuiacha mikononi mwa wapiga soga pekee.

Tatu, nawaomba wahadhiri wetu waruhusu tasnifu na insha za muhula zichunguze lugha ya vipindi hivi. Tuzo za Africa Magic zinazofanyika Nigeria zimewahi kuwa na kitengo maalumu cha kazi za Kiswahili. Wageni wameona kwamba lugha hii inastahili kiti chake katika ukumbi wa tuzo; wenye lugha tusingoje kuambiwa nani akikalie. Tukiwa na uchunguzi mkononi, tunaweza kuwaandikia waandaaji wa tuzo za hapa nchini na kupendekeza vigezo vya wazi vya kuhukumu matumizi ya Kiswahili: ufasaha, uhalisi wa lafudhi, na uwiano wa lugha na mhusika.

Hitimisho

Watasema wengine kwamba huku ni kuitia uzito shughuli ya burudani. Nami najibu kwamba mtoto wa Bungoma anayependa kuigiza anazitazama tuzo hizo pia. Anahesabu, bila kuambiwa, ni watu wa aina gani wanaopanda jukwaani kwa ajili ya nini. Akiona kila mwenye ulimi kama wake anapewa tuzo ya kuchekesha na hapewi nyingine, atachagua moja kati ya mawili: kuuficha ulimi wake au kuukejeli. Hakuna fasihi iliyowahi kukua kwa njia hizo.

Basi msimu ujao tutabiri, wanachama wenzangu, na hata dau la chakula cha mchana liendelee kuwekwa. Ila jina la mwigizaji mwenye lafudhi ya kwetu likitajwa katika orodha, tumsikilize kwanza anasema nini, ndipo tucheke au tulie kadiri ya alichokisema.