Filamu Ambayo Ibighi Haikuonyeshwa

Imekuwa desturi, kila zinapotajwa filamu za televisheni zilizowatisha watoto wa miaka ya 1980, kusema kwamba mtoto wa Afrika Mashariki hahusiki na maombolezo hayo. Mtoto wa Kansas alikuwa na The Day After, mtoto wa Sheffield alikuwa na Threads, ilhali mtoto wa Ibighi, kule Tukuyu chini ya Mlima Rungwe, alikuwa na ng'ombe wa kuchunga na kuni za kutafuta. Kauli hiyo husemwa kwa tabasamu, na aghalabu husemwa kwa kujisifu, kana kwamba kukosa televisheni kulikuwa kinga. Ni kauli nyepesi. Inaaminiwa kwa sababu imebeba nusu ya ukweli mgongoni, na nusu hiyo ndiyo inayostahili kutajwa kwanza.

Televisheni ilifika Zanzibar mwaka 1973, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika hazijaota kuwa nayo. Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake hata mwaka 1994, pale vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kwa hiyo tarehe 20 Novemba 1983, Wamarekani wapatao milioni 100 walipokaa mbele ya runinga zao kuitazama filamu ya Nicholas Meyer, ambamo Kansas City na mji wa Lawrence vinateketezwa kwa makombora, hapakuwa na mtu Ibighi aliyeweza kuketi nao hata kama angetaka. Tarehe 23 Septemba 1984 BBC ilipoonyesha Threads, iliyoandikwa na Barry Hines na kuongozwa na Mick Jackson, hali ilikuwa ile ile. Ibighi ilisikiliza Redio Tanzania, kama betri zilipatikana.

Na betri hazikupatikana kwa urahisi. Miaka hiyo ya 1983 na 1984 ilikuwa ya foleni, ya sabuni ya kugawana, ya sukari inayonong'onezwa, ya vita dhidi ya wahujumu uchumi. Edward Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984, na nchi nzima ikalia. Ni nani, huuliza watetezi wa kauli ile, aliyekuwa na nafasi moyoni ya kuogopa bomu la Warusi na Wamarekani wakati nyumbani hamna mafuta ya taa? Swali hilo lina nguvu mpaka pale mtu anapojitaabisha kuzitazama filamu zenyewe na kuona zinasema nini.

The Day After, kwa ukali wake wote, ni filamu ya mlipuko. Watu wanaonekana wakigeuka mifupa, hospitali inafurika, nywele zinanyonyoka. Threads haikomei hapo, na ndiyo maana waliyoiona wakiwa wadogo hawajaisahau. Mlipuko unapokwisha, filamu imebakiwa na sehemu kubwa ya hadithi yake. Jua linafunikwa. Mavuno ya kwanza ni haba, ya pili ni haba zaidi, kwa kuwa hakuna mafuta ya matrekta wala mbolea wala dawa. Watu wanachimba ardhi kwa mikono na wanalipwa chakula. Miaka inapita, na watoto waliozaliwa baada ya vita wanatamka maneno machache yaliyokatikakatika. Katika onyesho moja wameketi mbele ya kanda kuukuu ya mafunzo ya watoto, picha inatetemeka, nao wanaitazama kwa macho yasiyoonyesha kuelewa. Filamu inayomaliza kwa lugha iliyokufa vinywani mwa watoto ingepaswa kuwagusa washairi popote walipo. Lakini hata Threads, pamoja na uaminifu wake, haiachi ardhi ya Uingereza. Mtazamaji hajui Ibighi imepatwa na nini, na katika ukimya huo wengi wamejaza jibu la starehe: kwamba huko mashamba yalibaki mabichi na watu waliendelea na maisha yao.

Wanasayansi hawakujaza jibu hilo. Desemba 1983, wiki chache tu baada ya filamu ya Meyer, jarida la Science lilichapisha makala ya watafiti watano, Carl Sagan mmoja wao, iliyoeleza jinsi masizi ya miji inayoungua yangeweza kupanda juu angani, yakazuia mwanga wa jua na kuleta kile kilichokuja kuitwa kipupwe cha nyuklia. Mwaka 1985 kamati ya kimataifa ya wanasayansi, SCOPE, ilitoa utafiti mkubwa zaidi, na hukumu yake ilikuwa kwamba watu wengi zaidi wangekufa kwa njaa kuliko kwa milipuko yenyewe, na kwamba wengi wa wafu hao wangekuwa katika nchi zisizopigana. Hesabu za ukubwa wa baridi hiyo zimebishaniwa na kurekebishwa mara kadhaa, lakini hoja ya njaa imesimama. Agosti 2022 watafiti wengine, katika jarida la Nature Food, walikadiria kwamba vita kamili kati ya Marekani na Urusi vingeweza kuua kwa njaa watu zaidi ya bilioni 5, na kwamba hata vita vya India na Pakistan peke yake vingeweza kuua zaidi ya bilioni 2.

Takwimu za namna hiyo hupita masikioni kama upepo. Ni afadhali kuzishusha Ibighi. Tukuyu ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi kuliko pengi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na maisha ya Rungwe yote yamefumwa juu ya mvua hiyo: mgomba nyuma ya nyumba, chai na kahawa za kuuza, viazi kwenye miinuko ya juu, maziwa ya ng'ombe. Ni nchi ya baridi tangu hapo. Juni na Julai watu huota moto. Mgomba ni mmea wa joto, na huacha kukua joto linaposhuka chini ya takriban nyuzi 14. Ondoa nyuzi chache tu katika mwaka mzima wa Rungwe, punguza na mvua, na mkungu hautokomaa. Chai haitakuwa na mnunuzi, kwani London ya kuinunua itakuwa haipo. Mbolea haitatia nanga Dar es Salaam. Dawa ya malaria haitafika, wala chumvi, wala dizeli ya lori la kuleta mahindi kutoka wilaya nyingine, ambayo nayo itakuwa haina mahindi. Hakuna Mrusi aliyelenga kombora Ibighi, na halikuhitajiwa kombora.

Basi mtoto yule aliyekuwa akichunga ng'ombe mwaka 1984 hakuepushwa na kitu. Alikuwa ndani ya filamu ile ile, katika sehemu ambayo kamera haikufika. Tofauti kati yake na mtoto wa Sheffield ni kwamba mwenzake aliambiwa. Na kuambiwa kulikuwa na manufaa yake. Ronald Reagan aliitazama The Day After kabla ya umma kuiona, akaandika katika shajara yake kwamba ilimhuzunisha. Filamu ilipomalizika usiku ule wa Novemba, kituo kilichoirusha kiliwaketisha Sagan, Henry Kissinger na wengine wabishane mbele ya taifa. Mwaka 1987 televisheni ya Kisovieti nayo ikaionyesha, na Desemba mwaka huo huo Reagan na Gorbachev wakatia saini mkataba wa kuondoa makombora ya masafa ya kati. Haitakuwa haki kudai kwamba filamu ndiyo iliyoleta mkataba. Hofu iliyopewa sura, hata hivyo, iliweza kuingia katika mabishano, magazeti na kura. Uingereza yenyewe ilikuwa imelijua hilo mapema: filamu ya Peter Watkins, The War Game, ilitengenezwa mwaka 1965, na BBC ikaizuia isionyeshwe kwenye televisheni kwa miaka 20. Hakuna anayefungia sandukuni picha isiyo na nguvu.

Upande huu, mtu mmoja alijaribu kuipa hofu hiyo sauti. Tarehe 22 Mei 1984 Mwalimu Julius Nyerere, pamoja na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Mexico na Andreas Papandreou wa Ugiriki, walitoa tamko la pamoja kuyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yasimamishe majaribio, utengenezaji na uwekaji wa silaha hizo. (Siku hiyo ilikuwa ya 40 tangu Sokoine afariki, nyumba yenye matanga ilikuwa ikizungumza juu ya matanga ya dunia.) Januari 1985 viongozi hao walikutana Delhi, Gandhi akiwa ameshauawa na mwanawe Rajiv amekaa mahali pake, wakalirudia dai lao. Walikuwapo waliocheka. Rais wa nchi isiyo na sabuni, walisema, anawafundisha wenye makombora. Kicheko hicho kingali hai, na ndicho baba wa kauli iliyotajwa mwanzo. Lakini hoja ya wale sita ilikuwa ni ile ile ya SCOPE: asiyekuwa na bomu atakufa pamoja na aliye nalo, kwa hiyo ana haki ya kusema. Wanaokejeli waeleze ni wapi hoja hiyo ilipokosea.

Husemwa pia kwamba bomu ni jambo la Wazungu tangu chanzo chake. Urani iliyotengenezewa bomu la Hiroshima, sehemu yake kubwa, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wafanyakazi Wakongo wa Union Minière katika nchi ambayo migodi yake ilisemesha watu Kiswahili. Wafaransa walilipua bomu lao la kwanza Reggane, jangwani Algeria, tarehe 13 Februari 1960. Na Unguja je? Mwaka huo huo wa 1960 Uingereza ilikubali Marekani ijenge kituo cha Project Mercury kisiwani, pale Tunguu, cha kufuatilia vyombo vya anga. Wapo Wazanzibari walioandamana wakisema kituo hicho kingekigeuza kisiwa kuwa shabaha ya makombora siku vita vya wakubwa vitakapozuka. Waliitwa wazushi. Kituo kiliondolewa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Iwapo walikosea kuhusu kazi za mitambo ile, hawakukosea kuhusu jambo kubwa zaidi, kwamba kisiwa kidogo kinaweza kuingizwa vitani bila kuulizwa. Wala Rungwe haihitaji kwenda Unguja kulijifunza hilo. Mwaka 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, na Mei 1916 majeshi ya Uingereza yakaitwaa Tukuyu, iliyokuwa ikiitwa Neu Langenburg, katika ugomvi uliowashwa Ulaya. Karonga hiyo hiyo leo ina mgodi wa urani, Kayelekera, uliofunguliwa mwaka 2009, ukasimama mwaka 2014 bei ilipoanguka, na ukaanza tena kazi mwaka 2025. Urani ile huuzwa kwa ajili ya umeme, na isemwe hivyo kwa haki. Lakini mtu wa Rungwe anayesema mambo ya nyuklia yako mbali naye hajatazama kusini.

Sasa televisheni ipo Ibighi, na simu zinaonyesha kila kitu. Kijana wa leo anaweza kuitazama Threads kitandani, akatishika, kisha akahitimisha kama wazee wake kwamba ni balaa la Sheffield. Anayestahili lawama hapo ni mwandishi wa Kiswahili, mtunzi wa tamthilia, mwenye kamera, ambaye amewaachia Waingereza na Wamarekani kazi ya kuuelezea mwisho wa dunia, kisha anashangaa kwamba katika mwisho huo watu wake hawaonekani. Filamu ya Ibighi ingegharimu kidogo kuliko zote, kwa kuwa haina mlipuko wa kuigiza. Redio inakatika katikati ya taarifa ya habari. Siku kadhaa zinapita, jua linachomoza likiwa jekundu, halafu halionekani vizuri. Mzee anasema ni moshi wa kuchoma mashamba. Mwezi wa pili majani ya mgomba yanageuka rangi ya kahawia kuanzia kingoni, na mama anayakata kama kawaida, akidhani ni ugonjwa, anampa ng'ombe.