Chujio la Samaki, Uji wa Mtoto

Natumaini wewe na mwenzi wako hamjambo na hamjanuniana. Mimi na wangu tulinuniana siku nne nzima, na chanzo chake, usicheke, ni chujio la samaki.

Sisi tunaishi Oldonyo Sambu, barabara ya Namanga, ambako tulipata kiwanja cha bei tunayoiweza. Asubuhi tunashuka Arusha mjini kazini, jioni tunapanda na vumbi letu. Basi bwana, rafiki wa mume wangu alihama akatuachia tangi la kioo la kufugia samaki, la lita 80. Mume wangu akafurahi kama kapewa gari! Kila jioni hadithi ni samaki wa rangi rangi wa Ziwa Tanganyika. Tukatenga shilingi 150,000 za chujio.

Jumamosi tukaenda dukani. Muuzaji akatutolea chujio lenye mkaa, akasema hilo linasafisha "kila kitu". Nikamuuliza, "Na floraidi linatoa?" Muuzaji akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama viatu vyake.

Njiani akaanza: "Mke wangu, mbona unaniaibisha? Tumefuata vitu vya samaki." Nikamjibu: "Samaki hawajafika. Mtoto yupo." Ugomvi ukaanzia hapo.

Mwanetu alikuwa na miezi mitano, amebakiza mwezi mmoja aanze uji. Na maji ya huku kwetu yana jambo lake. Meru ni volkano, ililipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Maji yanapopita kwenye miamba yake huchukua madini ya floraidi. Floraidi kidogo husaidia meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi, mtoto huota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa, hata miguu ikapinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa jinsi maji yalivyokuwa ya shida, Tanzania mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda cha hadi miligramu 8!

Maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana, hata mama mwenyewe akinywa maji hayo. Kwa hiyo siku ya uji ndiyo siku ya hatari kuanza.

Siku ya nne mume wangu akavunja ukimya. Lazima nikwambie, yeye kazaliwa huku huku, na katika picha zote za harusi yetu kafumba mdomo. Siku zote nilidhani ni usiriasi tu. Akaniambia: "Nilipokuwa chuo Dar, kila niliyecheka naye aliniuliza kama navuta sigara. Pale dukani ulipotaja floraidi, niliinama ili yule muuzaji asinitazame meno."

Jamani! Miaka mitatu ya ndoa, na mimi sikuwahi kuuliza. Nilidhani tunagombania pesa, kumbe mwenzangu anaficha kidonda. Na yeye alidhani namcheka, kumbe nina hofu ya mtoto. Tukakubaliana: kwanza uji, kisha samaki.

Sasa shika kalamu, maana haya tuliyajua kwa kuuliza huku na kule.

Kwanza, usinunue chujio kabla ya kupima maji yako. Chota maji kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo, upeleke maabara ya maji. Yetu yalisoma miligramu 6 kwa lita. Jirani mwenye chanzo kingine anaweza kupata jibu tofauti kabisa.

Pili, kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi inabaki palepale, na maji yakipungua kwa mvuke ndiyo inazidi kukolea. Dawa ya klorini nayo haiiondoi, wala vichujio vya kauri na mkaa wa kawaida usivitegemee kwa kazi hiyo. Na yale magadi ya kulainishia makande yanaweza kukuongezea floraidi sufuriani!

Tatu, zipo njia zinazofanya kazi. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji kimeutafiti kwa miaka mingi, hautaki umeme. Kasoro yake unachoka kimyakimya, ladha haibadiliki, hivyo lazima upime tena na kuubadilisha. Mashine ya RO inaondoa floraidi vizuri, ila inataka presha, na nyingi za nyumbani zinamwaga maji mengi kuliko zinayokupa. Kwetu huku maji ni ya kugombania! Hapa Arusha pia Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio la Nanofilter, linalotengenezwa kufuata maji ya mahali husika, na mwaka 2015 likampatia Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Sisi tukachagua mvua, maana maji yake yana floraidi kidogo mno. Tukafunga mifereji kwenye bati na simtanki la lita 1,000. Pesa ya samaki haikutosha, tukaongezea ya mtoko wa miezi miwili. Ni ya kunywa na kupikia tu: lita 10 kwa siku, siku 100. Tunayachemsha kwa ajili ya vijidudu. Kiangazi kikizidi, ndoo ya mkaa wa mifupa inasubiri.

Na samaki? Wamefika! Chujio lao ni sponji na pampu ndogo ya hewa, la bei ndogo kuliko yote tuliyoonyeshwa. Kumbe kinachoua samaki tangini ni amonia ya uchafu wao wenyewe, na bakteria wazuri wanaoishi kwenye sponji ndio huimaliza. Wanahitaji wiki kadhaa kuzaliana, kwa hiyo anza na samaki wachache. Sponji lisuuze kwa maji uliyochota tangini, si ya bomba yenye klorini. Maji mapya mume wangu huyalaza kwenye ndoo ili klorini itoke. Hayo ni ya bomba, na kwa kuwa yana alkali, wageni wetu wa Tanganyika hawalalamiki.

Juzi mwanetu kaota jino la kwanza. Hilo ni la utoto. Tunayoyalinda ni yale yanayojijenga sasa hivi ndani ya fizi. Baba yake alimpiga picha, kisha akajipiga na yeye pembeni yake, wote wawili midomo wazi. Nimeitundika juu ya tangi.

Tukutane mwezi ujao. Na kabla hamjanuniana, ulizaneni kwanza!